Niels Finsen, daktari aliyejipaka wino akaota jua

Hebu mtazame paka anapoota jua. Kivuli kikimfikia, anasogea. Niels Finsen alimwona paka wa aina hiyo kule Copenhagen, akaanza kujiuliza jua linamfanyia nini huyo mnyama.

Alikuwa na sababu. Alizaliwa 1860 visiwani Faroe, akasomea udaktari Denmark, lakini kabla hata ya kuhitimu alishikwa na maradhi ya ini na moyo yaliyomjaza maji tumboni. Na nyumba aliyokaa haikupata jua.

Basi akajifanyia jaribio. Alijipaka ukanda wa wino mweusi mkononi, akauanika mkono juani kwa muda wa saa tatu hivi. Alipoufuta wino, ngozi ya chini yake ilikuwa salama. Kandokando iliiva ikawa nyekundu, kisha ikageuka kahawia. Akarudi juani bila wino. Safari hii kilichoungua ni ule ukanda mweupe tu! Akaelewa kwamba weusi wa ngozi ni kinga, na kwamba kinachochoma si joto bali miale ya urujuani na ile isiyoonekana kwa macho.

Lakini usikimbilie kusema sisi weusi tuko sawa. Kuna watoto ambao kinga ya mwili imewageuka, inashambulia misuli na ngozi yao wenyewe. Ugonjwa huo huitwa dematomayositi, na miale hiyohiyo huuchochea. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hivyo dalili hupita hivi hivi. Mdogo wako akishindwa kupanda ngazi, na ana upele kwenye kope au vifundo vya vidole, usimwite mvivu. Apelekwe hospitali. Wenye ugonjwa huu huhitaji kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua.

Finsen mwenyewe aligeuza miale hiyo kuwa dawa. Kuanzia 1895 alitumia taa kali ya umeme kutibu lupasi ya siku hizo, yaani kifua kikuu cha ngozi kilichokuwa kikila watu pua na mashavu. (Usiichanganye na lupasi tunayoisikia leo: hiyo ni kinga ya mwili iliyogeuka, na jua huizidisha.)

Tuzo ya Nobel ilimfikia 1903, akiwa mgonjwa kiasi cha kutoweza kusafiri kuichukua. Sehemu ya pesa aliipa taasisi yake. Hata hapo hakutulia: alianza kupima chumvi iliyoingia na kutoka mwilini mwake, akaandika makala kuihusu. Alifariki Septemba 24, 1904, akiwa na miaka 43.