Ferrary: Bwanyenye aliyekusanya stempu za dunia nzima akafia mbali nazo

MNAMO Mei 20, 1917, Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimechacha, mzee wa miaka 67 aliaga dunia mjini Lausanne, Uswisi. Hakuwa mfalme wala jemadari wa vita. Hata hivyo, alikuwa na mali ambayo wafalme waliionea ngoa: mkusanyo wa stempu unaotajwa hadi leo kuwa mkubwa na kamili kuliko wowote uliowahi kumilikiwa na mtu mmoja.

Mzee huyo, Philipp von Ferrary, alikata roho bila stempu hizo kuwa karibu naye. Zilikuwa Paris, ng'ambo ya mpaka ambao yeye hangeweza kuuvuka tena. Kwa zaidi ya nusu karne alikuwa amezivuta kutoka kila pembe ya dunia hadi nyumbani kwake, lakini alipotaka zitoke Paris ziende mji mmoja tu mwingine, hazikufika.

Ferrary alizaliwa Paris mnamo Januari 11, 1850. Babake, Raffaele de Ferrari, Mkabaila wa Galliera, alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Genoa, Italia, na utajiri wake ulitokana na benki na ujenzi wa reli. Mamake, Maria Brignole Sale, alitoka katika ukoo mkongwe wa mji huo huo, na alisifika kwa ukarimu. Alijenga hospitali Genoa na kuutunuku mji huo majumba ya kifahari ya ukoo wake.

Baba alipofariki mnamo 1876, mwana alikataa kurithi cheo cha ukabaila. Baadaye aliasiliwa na afisa wa jeshi la Austria, akachukua uraia wa nchi hiyo na jina jipya. Uamuzi huo wa kifamilia, ambao wakati huo haukuwa na uzito wowote kwa umma, ndio uliokuja kuamua hatima ya stempu zake miongo minne baadaye.

Mamake naye, alipofariki mnamo 1888, aliacha wasia kwamba kasri lake la Paris, Hôtel de Matignon, litolewe kwa Mfalme Mkuu wa Austria. Kasri hilo likageuzwa ubalozi wa Austria na Hungaria, huku Ferrary akiendelea kuishi katika sehemu yake. Humo ndimo alimohifadhi stempu zake.

Alipozikwa

Dunia ya posta ilivyokuwa

Ferrary alianza kukusanya stempu akiwa mtoto wa umri wa takriban miaka kumi. Stempu ya kwanza duniani ilikuwa imetolewa Uingereza mnamo 1840, kwa hivyo uraibu huo ulikuwa bado mchanga, na usafirishaji wa stempu kutoka nchi moja hadi nyingine ulikuwa na adha zake.

Kabla ya miaka ya 1870, hapakuwa na kanuni moja ya kutuma barua ughaibuni. Kila nchi ilifanya mapatano na jirani yake, na nauli ya barua ilitegemea njia iliyopitia, meli iliyoibeba na uzito uliohesabiwa kwa vipimo tofauti. Mnunuzi wa Paris aliyetaka stempu ya koloni la mbali hakuwa na hakika ya gharama wala ya siku ambayo bahasha ingemfikia.

Hali ilibadilika mnamo Oktoba 9, 1874, nchi 22 zilipotia saini mkataba wa posta mjini Bern, Uswisi. Ufaransa ilijiunga mnamo Januari 1, 1876. Katika kongamano la Paris la 1878, umoja huo ulipata jina unalojulikana nalo hadi leo, Umoja wa Posta Duniani. Mwaka huo huo, mataifa kadhaa yalikubaliana kupokezana barua zenye thamani iliyotangazwa, ambapo mtumaji alitaja thamani ya kilichomo, na posta ikawajibika kumfidia hadi kiwango hicho iwapo barua ingepotea.

Kwa wakusanyaji wa stempu, hayo yalikuwa mageuzi makubwa. Wafanyabiashara walizoea kumtumia mteja karatasi zilizobandikwa stempu kadhaa ili achague azipendazo, kisha arejeshe zilizosalia pamoja na malipo. Biashara ya namna hiyo haiwezekani bila posta ya kutegemewa, na bila watu wawili wasiowahi kuonana kuaminiana.

Sifa ya Ferrary katika soko hilo ilitokana na mambo mawili. Alilipa papo hapo, tena bila kuvutana sana juu ya bei. Isitoshe, hakuridhika kuketi Paris kungojea bahasha, bali alisafiri mara kwa mara kwenda kuwatembelea wauzaji wa miji mingine ya Ulaya. Palipokuwa na mkusanyo mkubwa, aliununua wote kwa mkupuo. Mnamo 1878 alichukua ule wa Sir Daniel Cooper, na mnamo 1882 ule wa Jaji Frederick Philbrick, wote Waingereza. Tangu 1874 alikuwa amemwajiri Pierre Mahé, mfanyabiashara mashuhuri wa stempu wa Paris, awe mtunzaji wa hazina hiyo.

Stempu ya senti moja

Kisa cha stempu mbili chatosha kuonyesha jinsi hazina hiyo ilivyokusanywa.

Mnamo 1856, koloni la British Guiana, Amerika Kusini, liliishiwa na stempu kwa sababu shehena iliyotarajiwa kutoka London ilichelewa. Mkuu wa posta akaamuru wachapishaji wa gazeti la mji watengeneze stempu za dharura, na makarani wakatakiwa kuzitia sahihi ili kuzuia ughushi. Miongoni mwazo ilikuwemo ya senti moja, nyeusi juu ya karatasi ya rangi ya zambarau nyekundu. Ni moja tu inayojulikana kuwepo hadi leo.

Stempu hiyo iligunduliwa mnamo 1873 na mvulana wa miaka 12, Vernon Vaughan, katika karatasi kuukuu za familia yake. Aliiuza kwa shilingi sita tu kwa mkusanyaji wa hapo hapo, Neil McKinnon. Mkusanyo wa McKinnon ukapelekwa Uskoti, na mnamo 1878 ukanunuliwa na Thomas Ridpath, mfanyabiashara wa Liverpool, kwa pauni 120. Ridpath naye aliitoa stempu hiyo moja, akamuuzia Ferrary kwa takriban pauni 150. Karatasi iliyozaliwa kwa sababu ya shehena kuchelewa ilikuwa imevuka bahari ya Atlantiki na mlango wa bahari wa Uingereza hadi kutulia Paris.

Ya pili ni ya Sweden. Mnamo 1855, stempu ya skilling tatu iliyopaswa kuwa ya kijani ilichapishwa kimakosa kwa rangi ya manjano. Kijana aliyeigundua mnamo 1885 aliiuza kwa kronor saba. Mnamo 1894, Sigmund Friedl, mfanyabiashara wa Vienna, alimuuzia Ferrary kwa gulden 4,000. Fauka ya hizo, Ferrary alikuwa na stempu za mwanzo za kisiwa cha Morisi katika Bahari ya Hindi, zilizotolewa mnamo 1847, pamoja na zile za wamishonari wa Hawaii za 1851.

Lakini mnunuzi anayelipa haraka huwavuta pia wadanganyifu. Walaghai walifahamu kwamba Ferrary hakupenda kukosa chochote kilichoonekana kuwa adimu, wakamtengenezea vitu visivyokuwepo: rangi ambazo hazikuwahi kuchapishwa na mihuri ya kubuni. Alinunua vingi, kiasi kwamba stempu bandia zilizolengwa kwake zilipewa lakabu iliyotokana na jina lake. Hapo panadhihirika tatizo sugu la biashara hii. Stempu ni kipande cha karatasi. Gundi ya mgongoni hunata ikiingiwa na unyevu, na jino moja tu la ukingoni likikatika, bei huporomoka. Mnunuzi aliye mbali hawezi kuyajua hayo hadi afungue bahasha, na kufikia wakati huo fedha zimekwisha kutoka mfukoni.

Vita vyafunga mipaka

Mnamo Agosti 1914 vita vilizuka. Ufaransa na Austria zikawa maadui, na Ferrary, aliyezaliwa Paris na kuishi humo maisha yake yote, akageuka kuwa raia wa taifa adui. Aliondoka Ufaransa, akaziacha stempu zake chini ya ulinzi wa ubalozi.

Njia zote alizozitumia kwa miaka hamsini sasa zilikuwa zimezibwa. Posta kati ya mataifa yaliyopigana ilikatika, na barua zilizopitia nchi zisizopigana zilifunguliwa na wakaguzi. Hakuna bima ambayo ingefidia hazina kama ile, na hapakuwa na mjumbe wa kuibeba. Mwenye stempu kutoka kila nchi hakuwa na namna ya kuivusha hata moja.

Mapema mnamo 1915 aliandika wasia. Stempu zake, alizozitaja kuwa amana katika ubalozi wa Austria na Hungaria mjini Paris, alizirithisha Makavazi ya Posta ya Berlin, pamoja na fedha za kuzitunza. Makavazi hayo yaliasisiwa mnamo 1872 na Heinrich von Stephan, mkuu wa posta ya Ujerumani ambaye ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuasisi Umoja wa Posta Duniani. Nia ya Ferrary ilikuwa mkusanyo wake usitawanywe, na umma upate kuutazama.

Kisheria, hakuna wasia ambao ungewaudhi Wafaransa zaidi ya huo. Mali ilikuwa Paris, mwenyewe alikuwa raia wa Austria, na mrithi alikuwa taasisi ya serikali ya Ujerumani. Ferrary alipofariki, Ufaransa iliitwaa kama mali ya adui. Mikataba ya amani ya 1919 ilizipa nchi zilizoshinda idhini ya kuuza mali za namna hiyo. Kasri lenyewe pia lilitwaliwa, na tangu 1935 limekuwa makao rasmi ya Waziri Mkuu wa Ufaransa.

Minada 14 ya Paris

Kati ya Juni 1921 na Novemba 1925, stempu hizo ziliuzwa katika minada 14 kwenye jumba la Drouot, Paris. Mapato, yaliyofikia takriban pauni 400,000 za wakati huo, yalihesabiwa kuwa sehemu ya fidia ya vita ambayo Ujerumani ilitakiwa kulipa. Makavazi ya Berlin hayakupata hata bahasha moja.

Wahenga walinena kuwa vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Wanunuzi walimiminika Paris kutoka Ulaya na Marekani. Mnamo Aprili 1922, Arthur Hind, mwenye viwanda vya nguo katika mji wa Utica, jimbo la New York, aliinunua ile stempu ya senti moja kwa zaidi ya dola 32,000. Ikavuka Atlantiki kwa mara ya pili. Mnamo 2014 iliuzwa New York kwa dola milioni 9.5, na mnamo 2021 ikauzwa tena kwa dola milioni 8.3. Ile ya manjano ilirejea Sweden katika miaka ya 1920, kabla ya kuanza safari nyingine za minada.

Ferrary alizikwa Steinbach, kijiji kilicho kando ya ziwa Attersee nchini Austria. Kilichobakia cha mkusanyo wake ni jina tu: hadi leo, stempu iliyothibitishwa kupitia mikononi mwake huuzwa ikiwa na maelezo hayo, nayo huongezewa bei.

Wakusanyaji wa sasa hununua na kuuza kwa intaneti, na wengi wao hawana hata chembe ya utajiri wake. Hata hivyo, vikwazo walivyo navyo angalivitambua. Mnamo Julai 1, 2021, Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi kwa bidhaa ndogo zisizozidi euro 22 zinazoingia kutoka nje. Mnamo Agosti 29, 2025, Marekani nayo iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800, na mashirika mengi ya posta yakalazimika kusitisha kwa muda kupeleka vifurushi vya bidhaa huko. Sisi Wakenya tunakumbuka kwamba kongamano la Umoja wa Posta Duniani la 2008, lililopangiwa kufanyika Nairobi, lilihamishiwa Geneva kutokana na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007.

Ndiyo maana wazoefu wa uraibu huu humshauri anayeanza atume stempu kwa njia ya rejista, aziweke kati ya kadi ngumu ndani ya mfuko usiopitisha unyevu, atangaze thamani yake halisi, na ahifadhi picha na stakabadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ferrary alikuwa na daftari, mtunzaji, kasri na ubalozi mzima wa kumlindia stempu zake. Alichokosa ni fursa ya kuzivusha mpaka kabla haujafungwa.