Mwepu Ilunga, beki aliyechekwa na dunia nzima

KISANGANI – Vijana wanaocheza mpira Wagenia leo hawakuwa wamezaliwa tarehe 22 Juni 1974, siku Joseph Mwepu Ilunga alipochekwa na dunia.

Beki huyo wa TP Mazembe ya Lubumbashi alikwenda Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi, akiwa na Léopards wa Zaïre, mabingwa wa Afrika. Pesa walizoahidiwa wachezaji hazikutolewa. Walifungwa na Scotland 2-0, kisha Yugoslavia 9-0. Katika mechi hiyo ya pili, Mwepu alimpiga mwamuzi teke, lakini aliyefukuzwa uwanjani kimakosa ni Ndaye Mulamba.

Baadaye Mwepu alieleza kwamba walinzi wa Rais Mobutu waliwaonya: wakifungwa na Brazil mabao manne, wasirudi nyumbani. Brazil walipopata mpira wa adhabu, Mwepu alichomoka ukutani, akaupiga mbali kabla yao. Akapewa kadi ya manjano.

Watangazaji wa Ulaya walidai hakujua sheria. Yeye alishikilia kwamba alizijua vizuri, na kwamba alikuwa akiwapinga wakubwa waliokula pesa yao.

Mechi iliisha 3-0. Mwepu alifariki Kinshasa tarehe 8 Mei 2015, akiwa na miaka 65.