Bell na Sauti Iliyosafiri kwa Mwanga

Wengi wetu tunamjua Alexander Graham Bell kwa simu aliyoisajili mwaka 1876. Mwenyewe alijivunia zaidi kifaa kingine.

Bell alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1847. Mama yake hakusikia vizuri, mkewe Mabel alikuwa kiziwi, naye Bell alifundisha viziwi kuzungumza.

Mwaka 1880, mjini Washington, Marekani, yeye na Charles Sumner Tainter walituma sauti kwa mwanga wa jua, bila waya, umbali wa mita 213 hivi. Msemaji aliongea nyuma ya kioo chembamba. Kioo kikatikisika, na mwanga uliomulikwa nacho ukabadilika kwa kufuata sauti. Upande wa pili, madini ya seleniamu yalipitisha umeme kulingana na mwanga huo, na simu ikatoa sauti.

Lakini wingu likitanda, mazungumzo yanakatika. Kifaa hakikuenea. Bell alifariki mwaka 1922.

Leo baadhi ya wapenzi wa redio ya ridhaa hutumia mwanga wa taa kuwasiliana katika mashindano yao, kilima kwa kilima. Na intaneti inayokufikishia makala haya husafiri sehemu kubwa ya njia kama mwanga, ndani ya nyuzi za kioo ambako mawingu hayafiki.