Johannes Rebmann na Wajibu wa Kuitangaza Injili: Kutoka Kasigau hadi Kisulutini

Jina la Johannes Rebmann hutajwa katika vitabu vya historia kwa sababu moja kuu, nayo ni kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro. Hata hivyo, theluji haikuwa shabaha yake. Alikuja Afrika Mashariki kuitangaza dini ya Kikristo kwa watu wasioijua, na safari yake ya kwanza ya bara ilimfikisha Kasigau, mlima unaosimama peke yake katika nyika iliyo kusini mwa Voi, katika eneo ambalo leo ni Taita Taveta. Maisha yake yanazua swali ambalo kila Mkristo hana budi kujiuliza: je, wajibu wa kuishuhudia imani hupimwa kwa idadi ya wanaoamini, au kwa uaminifu wa anayeshuhudia?

Rebmann alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820, katika familia ya wakulima. Alipata mafunzo ya umisheni Basel, kisha akaenda Uingereza na kuajiriwa na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, yaani CMS. Aliwasili Mombasa Juni 1846 na kuungana na Ludwig Krapf, aliyekuwa amemzika mkewe na mwanawe mchanga huko huko miaka miwili kabla. Miezi michache baadaye wote wawili walihamia Rabai, miongoni mwa Wamijikenda, hali wakiwa wamedhoofishwa na homa.

Oktoba 1847, Rebmann aliivuka nyika kavu ya Taru akafika Kasigau. Alitaka kujua iwapo wenyeji wangekubali kupokea walimu wa dini. Ifahamike kwamba watu wa Taita hawakuwa watu wasiokuwa na dini. Walimjua Mulungu, walikuwa na mahali pao patakatifu, na wazee wao walikuwa na ibada ya kutasa ili kuondoa hasira na kuleta amani. Mgeni yule basi hakuwa akimwaga maji katika mtungi mtupu. Alikuwa akizungumza na watu waliokuwa na majibu yao kuhusu mvua, maradhi na mauti. Alikaa kwao muda mfupi, akanena nao, akarudi Rabai. Hakuacha kanisa wala mwanafunzi.

Aprili mwaka uliofuata aliondoka tena, akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyezijua njia za bara. Walipita nchi ya Taita, na tarehe 11 Mei 1848 akauona mlima Kilimanjaro na weupe uliokuwa kileleni. Habari hizo zilipofika Ulaya, baadhi ya wasomi walizikejeli. Zilithibitishwa na wasafiri wengine katika miaka ya 1860. Rebmann alirudi Uchagani mara mbili zaidi. Katika safari ya tatu, mwaka 1849, alinuia kufika Unyamwezi, lakini Mangi Mamkinga wa Machame alimtoza bidhaa zake mpaka akaishiwa na kitu cha kumwezesha kuendelea. Alirudi pwani akiwa amevunjika moyo.

Hapo ndipo njia yake ilipoanza kuachana na ya Krapf. Krapf aliota mnyororo wa vituo vya misheni utakaolivuka bara zima. Rebmann naye alizidi kuamini kwamba neno halimwingii mtu kwa kupitiwa tu, bali kwa kuishi naye na kuielewa lugha yake. Krapf aliondoka mwaka 1853, na mwenzao Erhardt akaondoka mwaka 1855. Rebmann akabaki Kisulutini, Rabai.

Kubaki huko hakukuwa uvivu. Alijifunza lugha za Wamijikenda na kuzikusanyia msamiati. Aidha, kwa msaada wa Salimini, mtu aliyeletwa pwani kama mtumwa kutoka pande za ziwa Nyasa, alitunga kamusi ya Kinyasa iliyochapishwa mwaka 1877. Kwake, kamusi ilikuwa sehemu ya kuhubiri, kwa kuwa hakuna aaminiye asichokifahamu.

Gharama ilikuwa kubwa. Mwanawe alifariki siku chache baada ya kuzaliwa. Uvamizi wa Wamaasai wa mwaka 1857 ulimfanya akihame kituo chake kwa muda. Mkewe Emma, waliyeoana mwaka 1851, alifariki mwaka 1866. Macho nayo yakaanza kufifia. Wakati huo wote waumini walikuwa wachache mno. Miongoni mwao walikuwa Abe Gunga na mwanawe Nyondo, ambao baada ya ubatizo waliitwa Abraham na Isaac. Wageni waliofika Kisulutini katika miaka ya 1870 walimkuta mzee aliyekaribia upofu pamoja na kundi dogo, na baadhi yao wakaona kwamba kazi yake imekwama. Lawama hiyo haikosi msingi, kwani alikuwa mtu wa kujitenga na mwenye tahadhari kupita kiasi. Hata hivyo, tahadhari hiyo hiyo ilimzuia kumbatiza mtu ambaye hajaelewa anachokiri.

Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, Rebmann aliondoka Afrika. Aliyemshika mkono na kumwongoza hadi Ulaya alikuwa Isaac Nyondo. Mwalimu aliyekuja kuwaonyesha wengine njia alionyeshwa njia na mwanafunzi wake. Alifariki Korntal, Ujerumani, tarehe 4 Oktoba 1876.

Miaka saba baadaye, mwaka 1883, Joseph Wray wa CMS alipiga kambi Sagalla, mlima unaoutazama mji wa leo wa Voi. Njaa ilipozuka mwaka uliofuata, baadhi ya wenyeji walimdhania kuwa chanzo cha ukame, akalazimika kuondoka. Alirejea baadaye, na kama Rebmann akaishughulikia lugha ya wenyeji. Mwaka 1993 Kanisa la Anglikana liliunda Dayosisi ya Taita Taveta, yenye makao yake Voi. Haitakuwa haki kudai kwamba yote hayo yalitokana na siku chache za Rebmann pale Kasigau. Waliolijenga kanisa hilo ni wengi, na wengi wao walikuwa Wataita wenyewe.

Ama kwa hakika, mkulima hajui siku ya mvua. Mkristo anaweza kuamrishwa kushuhudia, lakini hawezi kuamrishwa kumfanya mwingine aamini. Lililo mikononi mwake ni kumwendea jirani, kuisikiliza lugha yake, kuiheshimu hiari yake na kutomkimbia anapokawia kujibu. Kwa kipimo cha hesabu, Rebmann alivuna haba. Kwa kipimo cha wajibu, alikaa shambani mpaka macho yakamkatalia.