Nyuso katika Dinari

Wasomaji wetu walio wengi humjua Brutus kwa tendo moja tu, kumwua Julius Caesar. Sisi twapenda kumtazama leo katika dinari zake, vile visarafu vya fedha visivyopita sana ukucha wa kidole gumba.

Marcus Junius Brutus alizaliwa yapata mwaka wa 85 kabla ya Kristo, katika ukoo uliojivunia babu aliyemfukuza mfalme wa mwisho wa Roma. Mwaka wa 54 hivi, akiwa mmoja wa wasimamizi wa kupiga sarafu, alitoa dinari yenye kichwa cha mwanamke, ndiye Uhuru, na upande wa pili babu yule akitembea kati ya walinzi wake. Sura ya mtu aliye hai haikuwekwa, kwani jambo hilo lilikuwa desturi ya wafalme.

Naye mpenda uhuru huyu aliwakopesha watu wa Salamis, kisiwani Kipro, kwa riba ya 48 kwa mia kila mwaka. Wakala wake aliwazingira wazee wa mji kwa askari wapanda farasi, hata watano wakafa kwa njaa. Habari hiyo haikupigwa katika dinari yoyote.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, Brutus alikuwa upande wa Pompeius. Mwaka wa 48 walishindwa, na Caesar akamsamehe, akampa na vyeo. Mwanzoni mwa mwaka wa 44 dinari za Roma zikatoka na uso wa Caesar, angali hai. Tarehe 15 Machi akachomwa majambia barazani, Brutus akiwa mmoja wa wauaji.

Brutus akaenda Mashariki, akakusanya majeshi. Na askari hutaka mshahara. Mwaka wa 42 akapiga dinari mpya: majambia mawili, katikati yake kofia ya mtumwa aliyeachwa huru, na chini tarehe ya mauaji. Upande wa pili ukaonyesha uso wa Brutus mwenyewe! Ni vigumu kwetu kuamini kwamba hakuliona jambo hilo.

Oktoba ya mwaka ule ule alishindwa huko Philippi, akajiua. Jina la Caesar likawa cheo cha watawala wa Roma, na dinari aliyoonyeshwa Bwana wetu ilikuwa na sura ya Kaisari.