Gosset na Hesabu ya Maziwa

William Sealy Gosset alizaliwa Uingereza mwaka 1876. Mwaka 1899 aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Huko vipimo vilikuwa vichache, basi mwaka 1908 akachapisha njia ya kuvitumia, kwa jina la kubuni, Student.

Mimi humpendea maziwa. (Wazazi waliokunywa maziwa ya Nyayo, sikizeni!) Mwaka 1930, huko Lanarkshire, Scotland, watoto 20,000 walipimwa, nusu wakipewa maziwa shuleni. Walimu, kwa huruma, wakasukuma wanyonge upande wa maziwa, hesabu ikaharibika. Gosset akaonyesha mwaka 1931 kwamba jozi 50 tu za mapacha wa kufanana zingefaa zaidi. Mapacha hawapishani sana, kwa hivyo hata faida ndogo ya maziwa ingeonekana.

Hapa EPZ mama zetu hushona nguo. Shati likipungua sana likifuliwa, mashati machache yatosha kukuonyesha. Likipungua kidogo tu, utafua rundo! Tofauti ikiwa nusu, vipimo huwa mara nne, si mara mbili.

Gosset alifariki mwaka 1937, bado yuko kazini Guinness.