Philly Lutaaya: Mwimbaji Aliyeivunja Siri ya UKIMWI

Lori linalopakia bidhaa katika bandari ya Mombasa kwenda Uganda hutoka katika ardhi ya Kenya kwa mojawapo ya milango miwili, Malaba au Busia. Watu wa Mundika, karibu na mji wa Busia, wamezoea kuona malori hayo yakipanga foleni kungoja forodha. Katika miaka ya 1980 njia hiyo ilipitisha pia habari za maradhi mapya, ambayo Waganda waliyaita Slim kwa vile yalimkondesha mtu hadi akabaki mifupa. Maradhi yalinong'onwa kila mahali, lakini mgonjwa aliyathubutu kuyataja kwa nadra mno. Mtu mashuhuri wa kwanza nchini Uganda kusimama hadharani na kusema anayo alikuwa mwimbaji, hayati Philly Bongoley Lutaaya.

Lutaaya alizaliwa Mengo, mjini Kampala, mwaka 1951. Alianza muziki angali kijana, akapiga na bendi za Kampala katika zama ambazo nchi yake ilipita katika misukosuko mikubwa, utawala wa Idi Amin kwanza na vita vya ndani baadaye. Wasanii wengi walihama, naye mwaka 1984 akaenda kuishi Stockholm, Sweden. Huko ugenini ndiko alikotunga na kurekodi nyimbo zilizomfanya apendwe kwao kuliko alivyopendwa alipokuwa nyumbani. Albamu yake "Born in Africa" ilijaa fahari ya Uafrika na kiu ya nchi aliyoiacha.

Jina lilipokuwa limepaa ndipo alipojua kwamba ameambukizwa. Ili msomaji auelewe uzito wa aliyoyafanya baadaye, yafaa kwanza afahamu hila ya maradhi yenyewe.

Mwili wa binadamu una askari wake, nao ni chembe nyeupe za damu. Miongoni mwao zimo chembe ziitwazo CD4, ambazo kazi yake ni kama ya jemadari: humtambua adui na kuwaamuru askari wengine wamshambulie. Virusi vya UKIMWI havianzi na askari wa kawaida, huanza na jemadari. Huingia ndani ya chembe hiyo, huigeuza kiwanda cha kuzalishia virusi vingine, kisha huiua. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe hizo baina ya 500 na 1,500 katika tone dogo la damu lenye ukubwa wa milimita moja ya ujazo. Zikishuka chini ya 200, boma huwa limebaki wazi, na maradhi ambayo mwili ungeyafukuza huingia bila kizuizi: kifua kikuu, homa ya mapafu, utando mweupe mdomoni, saratani za ngozi.

Hila iko hapa: pasipo dawa, kazi hiyo huchukua kwa kawaida miaka kama kumi, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mtu hula, hucheka na kufanya kazi kama wenzake.

Madaktari waliujifunza mwendo huo, pamoja na njia nyingine, kwa kuwafuatilia wagonjwa wa himofilia, maradhi ya kurithi ambayo damu huchelewa kuganda. Katika Ulaya na Marekani wagonjwa hao walitibiwa kwa dawa iliyotengenezwa kutokana na damu ya maelfu ya watu, na kabla haijaanza kusafishwa kwa joto katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa imewaambukiza wengi wao. Mmoja wao alikuwa kijana wa Kimarekani, Ryan White, aliyegunduliwa kuwa na UKIMWI Disemba 1984. Alipata maradhi kwa tiba, lakini hilo halikumwokoa: shule yake ilimkatalia kurudi darasani. Basi unyanyapaa haukuwa na haja ya kujua mtu kaambukizwa vipi.

Lutaaya aliyajua hayo ya kutengwa alipotoa tangazo lake Aprili 1989. Lililompata kwanza, hata hivyo, lilikuwa jingine: wengi hawakumsadiki. Walimwona amenawiri na amevaa vizuri, wakasema anatafuta kuuza santuri, au amelipwa. Hawakujua kwamba afya ile ya nje ndiyo pazia la maradhi yenyewe.

Hakuwajibu kwa ugomvi. Alizunguka mashuleni na makanisani akizungumza na vijana, na mwili wake ukawa ushahidi, kwani kila mwezi uliopita alionekana amepungua. Alitunga pia "Alone and Frightened", wimbo juu ya upweke na hofu ya mgonjwa. Watengenezaji wa filamu walimfuata hadi siku zake za mwisho. Alifariki katika hospitali ya Nsambya, Kampala, tarehe 15 Disemba 1989, akiwa na miaka 38. Haikutimia miezi minne, Ryan White naye akafariki, Aprili 1990, akiwa na miaka 18.

Lutaaya hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Miaka miwili kabla ya tangazo lake, Bibi Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa UKIMWI, alikuwa ameanzisha na wenzake chama cha TASO cha kuwasaidia wagonjwa. Lakini sura na sauti ambayo kila Mganda aliijua ilikuwa ya Lutaaya. Katika miaka ya 1990 maambukizo nchini humo yalipungua sana, na uwazi huo huhesabiwa miongoni mwa sababu zake.

Dawa za mseto zilizopatikana kuanzia 1996 zilikuja baada ya yeye kuzikwa. Leo mwenye virusi akizinywa bila kukatiza, chembe zake huongezeka tena, huishi umri mrefu, na virusi vikididimia hata visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzi wake. Lakini dawa haimfikii asiyepimwa, na wapo ambao hadi leo, Busia kama Mombasa, huogopa maneno ya majirani kuliko maradhi.

Nchini Uganda nyimbo zake za Krismasi hupigwa kila Disemba, mwezi ule ule aliofariki.